Boliti Nne: Historia ya Kubadili Klachi ya Volkswagen

Kila chombo kilichoundwa na mwanadamu kina kiungo kilichowekwa kilike ili viungo vingine visilike. Jembe lina ncha yake, kiatu kina soli yake, na motokaa ina klachi yake. Kiungo cha namna hii hakisifiwi kikiwa kizima, lakini hukumbukwa sana siku kinapokwisha. Siku hiyo huulizwa swali moja, nalo ni kubwa kuliko linavyoonekana: je, mwenye chombo aweza kukifikia kiungo kilichochakaa akakibadili, au hana budi kukiacha chombo chake mikononi mwa wengine? Jibu la swali hilo huvigawa vyombo katika makundi mawili. Viko vinavyomtumikia mwenyewe mpaka uzeeni mwao, na viko ambavyo mwenyewe ndiye huvitumikia.

Volkswagen ya kale, motokaa ndogo yenye mgongo wa mviringo kama kobe, ilikuwa katika kundi la kwanza. Injini yake ilikaa nyuma, nayo ilishikamana na sanduku la gia kwa boliti nne tu, mbili juu na mbili chini. Aliyezifungua boliti hizo kwa utaratibu aliweza kuishusha injini nzima na kuiona klachi mbele ya macho yake. Historia ya kazi hiyo yastahili kusimuliwa, maana ndani yake mna hila ya watawala, jasho la watu waliolazimishwa, akili ya mafundi na vumbi lenye kuua. Zaidi ya hayo, yafundisha kwamba wepesi wa kutengeneza chombo ni nusu ya uhuru wa mwenye chombo. Nusu ya pili ni elimu.

Klachi ilizaliwa kwa sababu ya udhaifu mmoja wa injini ya petroli. Farasi aweza kusimama na kuanza kuvuta mzigo kutoka katika utulivu wake, injini haiwezi. Haina budi kuzunguka kwanza, ndipo ipewe mzigo, na mzigo huo ipewe polepole, la sivyo huzimika. Carl Benz, katika motokaa yake ya mwaka 1886, alitumia mkanda uliohamishwa kutoka gurudumu lililo huru hadi gurudumu lenye kazi. Waundaji waliomfuata walitumia pia bakuli la chuma na pia iliyovikwa ngozi ya mnyama, vikutane kwa msuguano. Ngozi ilifanya kazi yake, walakini iliungua upesi, ilikauka ikawa ngumu, na ikilowa oili iliteleza. Dereva wa siku hizo alikuwa na ibada ya kuipaka ngozi mafuta kama mtu anayetunza kiatu chake.

Baadaye ngozi iliacha nafasi kwa sahani bapa iliyovikwa pande zote mbili kitambaa kigumu cha msuguano. Katika klachi ya namna hii, sahani hubanwa katikati ya vyuma viwili. Upande mmoja ni gurudumu zito lililofungwa kwenye injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Upande wa pili ni bamba lenye springi kali, liitwalo presha pleti. Sahani iliyobanwa huzunguka pamoja na injini na kuupeleka mwendo katika sanduku la gia. Dereva anapokanyaga pedali, bamba hurudi nyuma, sahani huachwa huru, na injini huzunguka peke yake. Anapoiachia pedali taratibu, sahani huteleza kidogo, kisha hushikwa. Katika kuteleza huko kidogo ndimo mna uhai wa klachi, na ndimo mna mauti yake.

Ferdinand Porsche alipotia sahihi mkataba na chama cha waundaji wa motokaa wa Ujerumani mnamo Juni 1934, hakuagizwa kumrahisishia fundi kazi. Aliagizwa kuunda motokaa ya bei ndogo mno. Watawala walitaka iuzwe kwa mark 990, na bei hiyo ikawa kama kisu mikononi mwa wahandisi: kila kisichokuwa cha lazima kilikatwa. Injini ilipowekwa nyuma, karibu na magurudumu yenye kuvuta, haukuhitajika mhimili mrefu wa kupita chini ya motokaa nzima. Ilipopozwa kwa hewa badala ya maji, haikuhitaji rejeta, wala mipira ya maji, wala hofu ya maji kuganda wakati wa baridi kali za Ulaya. Gia na difrensha viliwekwa katika sanduku moja, na injini ikaning'inia nyuma ya sanduku hilo bila nguzo nyingine.

Tokeo lake lilikuwa kwamba injini yaweza kutoka kama droo ya meza. Urahisi huo ulikuja kwa njia ya umaskini: vitu vichache vya kuunganisha huwa pia vitu vichache vya kufungua. Msomaji wa historia ya ufundi hukutana na jambo hili mara nyingi. Akili iliyobanwa na uhaba huacha nyuma yake kitu kinachoeleweka, ilhali akili iliyoachiwa utajiri hujaza sanduku mpaka mkono hauna pa kupita.

Lakini ahadi ya motokaa ya watu wote ilitolewa na serikali isiyokuwa na nia njema na watu wote. Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa tarehe 26 Mei 1938, na wananchi wa Ujerumani walihimizwa kununua stempu za mark 5 kila juma mpaka watimize bei. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha katika mpango huo. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa motokaa kwa stempu zake. Vita vilipoanza mwaka 1939 kiwanda kiligeuzwa kuwa cha zana za kijeshi, na watu wapatao 20,000 walilazimishwa kufanya kazi humo katika miaka ya vita. Miongoni mwao walikuwamo mateka wa vita, raia waliochukuliwa kutoka nchi zilizotekwa, na wafungwa wa kambi za mateso. Kesi ya wenye stempu ilikwisha mwaka 1961 tu, kwa kupewa punguzo la bei au kifuta machozi kidogo cha fedha. Waliotoa jasho chini ya mtutu wa bunduki walisubiri miaka mingi zaidi.

Habari hizi hazipasi kufichwa kwa sababu ya uzuri wa chombo. Mkono unaofungua boliti nne leo hauna hatia ya mwaka 1938, lakini una wajibu wa kujua kazi ilianzia wapi. Chombo chema chaweza kutoka katika nyumba mbaya, na wema wake hauisafishi nyumba ile.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 kiwanda kilikuwa nusu magofu, nacho kikaangukia katika sehemu ya Ujerumani iliyotawaliwa na Waingereza. Meja Ivan Hirst, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alifika huko mwezi Agosti mwaka huo. Yeye na wenzake waliona kwamba mitambo yaweza kufufuliwa, na jeshi likaagiza motokaa 20,000 kwa mahitaji ya utawala. Mnamo Januari 1948 uongozi ulipokelewa na Heinrich Nordhoff, Mjerumani aliyekuwa na uzoefu katika kampuni nyingine ya motokaa. Nordhoff alitia mkazo juu ya jambo ambalo wauzaji wengi hulisahau: motokaa haifuati mnunuzi peke yake, hufuatwa na gereji, na vipuri, na fundi aliyefundishwa. Kwa njia hiyo ahadi iliyokuwa uongo ilianza kuwa kweli. Motokaa ya milioni moja ilitoka kiwandani mnamo Agosti 1955.

Tangu hapo kazi ya kubadili klachi ilipata utaratibu unaojulikana, ukarudiwa katika magereji ya mabara yote. Ishara ya kwanza huwa mlimani. Injini huongeza sauti, lakini motokaa haiongezi mwendo. Na baada ya kitambo harufu ya kuungua huingia ndani. Fundi mwenye busara hatangulii kushika spana. Hutazama kwanza waya wa klachi, maana yamkini umekazwa kupita kiasi, na sahani haibanwi sawasawa. Nati yenye masikio mwishoni mwa waya ule hugeuzwa kwa vidole, na maradhi mengine hupona hapo hapo bila gharama.

Ikiwa sahani imekwisha, waya wa betri hutolewa kwanza, kwa sababu cheche moja karibu na petroli yaweza kuleta msiba. Kisha hufunguliwa nyaya za jenereta, za koili na za taa ya oili, na waya wa akseleta uliopita katika nyumba ya feni. Chini ya motokaa hufunguliwa nyaya na mipira ya kupeleka joto ndani, na mpira wa petroli huzibwa usivuje. Nyuma ya motokaa huinuliwa juu kiasi cha kuiwezesha injini kupita chini ya bodi, nayo husimamishwa juu ya stendi imara. Jeki huinua, haikuumbwa kushikilia. Na aliyelala chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake ameweka roho yake rehani.

Jeki ya pili, yenye magurudumu, huwekwa chini ya injini. Nati mbili za chini hufunguliwa na mtu aliyelala chali. Boliti mbili za juu huhitaji mkono unaopapasa nyuma ya nyumba ya feni pasipo msaada wa macho. Katika motokaa za miaka ya mwanzo mtu mmoja hushika boliti upande mmoja na mwenziwe hugeuza nati upande wa pili. Hapo ndipo mafundi husema kidole kimoja hakivunji chawa. Injini ina uzito wa karibu kilo 100, na haina budi kurudi nyuma kwa unyofu kabla ya kushuka, kwa sababu shafti ya sanduku la gia imepita katikati ya sahani. Mwenye haraka akaiacha injini ining'inie juu ya shafti hiyo, huipinda sahani. Na kama ni sahani mpya, ameiharibu kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Injini ikiisha kutoka, klachi huonekana. Presha pleti imefungwa kwa boliti sita, na kila moja hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu, kwa mfano wa msalaba, kwa kuwa nyuma yake springi zimejikunja kwa nguvu. Kisha sahani huanguka mkononi. Ikiwa kitambaa chake kimelika mpaka karibu na ribiti, imemaliza utumishi wake kwa heshima. Lakini ikiwa ingali nene, nayo inang'aa kwa oili, basi imeuawa na jirani yake: sili iliyo nyuma ya flaiwili imepasuka, au ile ya sanduku la gia. Anayebadili sahani akaiacha sili mbovu atairudia kazi yote baada ya miezi michache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ili kuifikia sili ya injini, fundi hufungua nati moja kubwa inayoshika flaiwili, nayo wakati wa kurudishwa hukazwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 30 uliotundikwa mwisho wa wenzo wenye urefu wa mita moja. Sahani mpya huwekwa katikati barabara kwa msaada wa kipande cha shafti kuukuu au mti uliochongwa kwa kipimo chake. Injini hurudishwa, huzungushwa kidogo mpaka meno yakubaliane, na boliti nne hufungwa. Mwisho pedali hupimwa: yapaswa kuwa na mwendo mtupu wa kati ya milimita 10 na 20 kabla ya kugusa kazi. Ukizidi, gia hulia zinapoingizwa. Ukikosekana, sahani huanza kuungua upya tangu siku ya kwanza. Kipimo hicho kidogo, kisichofika upana wa vidole viwili, hutenganisha kazi iliyokamilika na kazi iliyopotea.

Katika Afrika ya Mashariki motokaa hii ilipata sifa njema mapema. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yalipita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, penye vumbi wakati wa jua na matope wakati wa mvua. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Njia za namna hiyo ni mtihani wa klachi kuliko kiungo kingine chochote, kwa sababu kila kujikwamua matopeni na kila kuondoka mlimani hulipwa kwa unene wa sahani. Sifa iliyopatikana katika mashindano ilithibitishwa au kukanushwa katika gereji. Fundi wa jua kali, na mwenziwe wa chini ya mwembe, walijifunza kwa kumtazama aliyewatangulia. Kijana wa spana alianza kwa kuosha boliti, akapanda daraja akashika taa, kisha siku moja akaambiwa alale chini ya motokaa yeye mwenyewe. Hiyo ilikuwa shule yenye mtihani wake, na cheti chake kilikuwa motokaa iliyoondoka bila kurudi.

Mwaka 1969 elimu hiyo ilipata njia nyingine huko Marekani. John Muir, mhandisi aliyekuwa ameacha kazi za viwanda vikubwa, alitoa kitabu cha kumwongoza mtu ambaye hajapata kushika spana maishani mwake, kilichopambwa kwa michoro ya Peter Aschwanden. Vitabu vya kiwanda viliandikwa kwa ajili ya fundi aliyekwisha kufundishwa. Muir alimwandikia mwenye motokaa aliye na woga. Alimweleza nini kitatokea, nini kitamtisha, na wapi apumzike. Kitabu hicho hakikupunguza hata boliti moja katika Volkswagen. Kilichopunguzwa ni umbali kati ya mtu na mali yake. Boliti zilikuwa nne tangu mwanzo, lakini kwa mtu asiyejua zilikuwa kama elfu.

Hata hivyo elimu yenyewe haikuwa kamili, na upungufu wake uligharimu maisha. Kitambaa cha sahani za klachi, kwa miaka mingi ya karne ya 20, kilitengenezwa kwa asibesto, madini yenye nyuzi zisizoogopa moto. Sahani ilipolika, nyuzi hizo zilibaki kama vumbi ndani ya nyumba ya klachi. Fundi alipoishusha injini alilikuta vumbi hilo, na kwa kupenda usafi alilipuliza kwa hewa ya mashine, akalivuta puani yeye na kijana wake. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake huko Afrika ya Kusini walitoa habari za wagonjwa 33 wenye saratani ya utando unaofunika mapafu, wengi wao wakiwa wameishi au kufanya kazi penye asibesto ya machimbo ya Cape. Asibesto ya klachi aghalabu ilikuwa ya namna nyingine, lakini mnamo mwaka 1977 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikwisha kuzihukumu namna zote zinazouzwa kuwa huleta saratani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika nchi zake zote kuanzia mwaka 2005.

Maradhi ya asibesto huchelewa. Hupita miaka 20, 30, hata 40 kati ya vumbi na kifo, na kwa sababu hiyo fundi mwingi alizikwa pasipo mtu kuikumbuka klachi. Hapa historia inatoa onyo kwa kila aifunguaye motokaa ya kale katika siku zetu. Sahani iliyomo ndani yaweza kuwa ya zamani kuliko marufuku. Vumbi lake lisipulizwe wala lisifagiliwe likiwa kavu; lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifungwe na kutupwa pasipo watoto. Aliyejua kufungua boliti nne asijue habari za vumbi alikuwa na nusu ya elimu, na nusu hiyo ilimfikisha mahali pa hatari upesi zaidi kuliko ujinga mtupu.

Kiwanda kilianza kuuza Golf mwaka 1974, yenye injini mbele iliyolala kwa upana, na uundaji wa kobe yule wa kale katika Ujerumani ulikoma mnamo Januari 1978. Katika Mexico uliendelea mpaka tarehe 30 Julai 2003, ambapo motokaa ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Puebla, zikiwa zimeundwa zaidi ya milioni 21 katika ulimwengu. Motokaa zilizofuata zimekuwa na mwendo zaidi, usalama zaidi na moshi haba zaidi, na hapana haja ya kuyakana mema hayo. Lakini katika nyingi ya hizo njia ya kuifikia klachi ni ndefu, na mwenye motokaa husimama mlangoni pa gereji akingoja kuambiwa.

Kobe yule hakuumbwa na wema, wala hakukuzwa na watu wasio na doa. Aliyemfanya awe wa watu hakuwa mtawala aliyemwahidi. Walikuwa wale waliomlaza katika vivuli vya miti na vibanda vya bati, wakalala chini yake, wakajua kilichomo, na wakamfundisha mwingine. Ahadi ya mwaka 1938 ilidai kumpa kila mtu motokaa, ikamnyima. Spana na mwalimu vilimpa mtu jambo kubwa kuliko ahadi ile: uwezo wa kusema kwamba kilicho chake kikichakaa, ajua pa kuanzia. Na katika kufunza huko iko deni moja lisilolipika kwa fedha, nalo ni kumwambia mwanafunzi yote, boliti pamoja na vumbi.